Jiwe la Tatu la Bibi Ran

Mji wa Heishidu umekaa kama mtu aliyebanwa mlangoni: mgongoni milima, usoni mto, na katikati ngazi mia na kumi na mbili za kumaliza magoti. Chini ya ngazi kuna mawe ya kufulia. La tatu ni la Bibi Ran. Mama yake alifulia hapo, na bibi yake kabla yake, hata limeingia bonde kama godoro la mgonjwa.

Mwanawe aliyeko Guangdong alimletea mashine ya kufulia. Mashine nzuri mno. Bibi Ran huanikia pilipili juu yake. Lakini mashine haijui soga. Soga iko mtoni, jiwe la nne, kwa Bibi Tian, na bila soga hiyo Bibi Ran angebaki kusemezana na kuta.

Basi Xiang, kijana mkurugenzi wa utalii, akasimamisha bango: MARUFUKU KUFUA MTONI. Eti wageni wanakuja kuona mji wa kale, na povu si la kale. Wahenga, kumbe, walivaa nguo zisizochafuka!

Haikupita miezi miwili, wageni wakanung'unika: mbona hatuwaoni kina mama wakifua, kama kwenye picha? Msomi hashindwi. Xiang akatangaza kazi: wanawake wawili, kila siku saa tatu hadi saa tano, wafue mbele ya kamera. Nguo ziwe safi. Sabuni hapana. Bibi Tian akawahi nafasi moja. Ya pili ikimponyoka Bibi Ran, jiwe la tatu litakaliwa na mtu mwingine.

Akaenda kujaribiwa. Akalinyanyua rungu lake la kufulia, akalitwanga shati safi la watu.

"Bibi, unapiga kwa nguvu mno," Xiang akasema. "Haina uhalisia."

"Haina nini, mjukuu wangu?"

"Uhalisia. Piga taratibu, tabasamu, kama mtu anayekumbuka kitu."

"Nakumbuka nepi zako. Nilizifua kwenye jiwe hilihili, mama yako akiwa na homa. Zile, mwanangu, zilikuwa na uhalisia!"

Bibi Tian alicheka mpaka rungu likamponyoka, likaenda na maji. Xiang akawa mwekundu kama pilipili za kwenye mashine. "Nitafikiria," akasema. "Njoo kesho, nikuone mara ya mwisho."

Kesho yake Bibi Ran akashuka na kapu: shuka lililomwagikiwa mafuta ya pilipili, soksi za wiki nzima, na aproni iliyokaangiwa samaki tangu mwaka mpya. Sabuni aliificha kwenye mkono wa koti. Maji yakageuka rangi ya chai. Wageni wakasogea na kamera zao.

Xiang akaja mbio. "Bibi! Uchafu huu umeutoa wapi?"

"Nyumbani. Wewe wako unautoa wapi?"

Kabla hajajibu, mgeni mmoja akamshika mkono. "Hongera, mkurugenzi! Mmefikiria kila kitu, hata madoa!"

"Tulifanya utafiti wa kina," Xiang akasema, na jioni hiyo jina la Bibi Ran likaandikwa. Bango halikung'olewa, bango ni bango.

"Kitendawili," Bibi Ran akasema asubuhi ya pili.

"Tega," Bibi Tian akajibu.

"Nampiga halii, nikimwacha ananuka."

"Nguo! Hicho cha watoto, mwenzangu."

"Umekosa. Nipe mji."

"Haya, chukua Heishidu."

"Heishidu wameshauchukua wageni. Mimi hili jiwe linanitosha. Jibu ni mkurugenzi."

Akaitwanga soksi.