Chini ya Nusu

Betri ya asidi haifi kwa kutumika. Hufa kwa kushushwa chini ya nusu na kuachwa huko. Hilo nimewafundisha watu wa kilima chetu kwa miaka kumi na moja, na anayetaka kubishana aje na kipimo chake. Mimi ni fundi wa umeme niliyestaafu, watu huniita Papa Mardochée. Nyumba yangu ni ya mwisho juu ya kijito, ukipita Panzi kuelekea Nyangezi, mahali ambapo tumeahidiwa nyaya za mji tangu nikiwa na nywele.

Mtambo niliutengeneza mwenyewe: bomba la kushusha maji, gurudumu la vijiko, na altaneta niliyoitoa kwenye lori bovu. Umeme hupanda kwa waya hadi sebuleni na kuingia kwenye betri mbili kubwa zilizokaa juu ya ubao. Kila Jumapili baada ya misa nilifungua vifuniko, nikachungulia kama maji bado yamefunika vibamba vya risasi, nikaongeza maji ya betri ya dukani, kamwe si ya kijito. Kisha nilifuta vichwa vya betri na kuvipaka vazelini. Mke wangu Consolate alinitania kwamba watoto wetu sikuwahi kuwaogesha hivyo.

Majirani walileta simu kuchaji. Sikumtoza mtu. Walikaa kwenye mabenchi, wakaangalia televisheni, wakazungumza mambo ya watu. Mwenye macho kwenye kipimo cha betri, kilichokuwa ukutani, alikuwa Consolate. Mshale ukikaribia nusu, alisimama katikati ya maneno ya mtu, akazima, akawaambia kila mmoja abebe simu yake ilivyo. Walinung'unika, na kesho yake wakarudi.

Alifariki miaka miwili iliyopita, wiki moja baada ya Pasaka. Watoto wako Kinshasa na Kampala. Hupiga simu, huuliza kama nimekula, halafu mtandao unakatika. Zikanibakia zile jioni za majirani, na sitaficha, niliishi kwa ajili ya saa hizo tatu za kila siku. Hata niliwadanganya kwamba simu ikijaa iachwe kidogo kwenye waya ipumzike, ili wasiondoke upesi. Fundi akisema, nani atabisha? Mungu anisamehe.

Kiangazi cha mwaka jana kijito kilipungua kama kinavyopungua kila Julai. Consolate angejua la kufanya: simu tano kwa siku, televisheni hakuna. Mimi nilijua pia. Jioni ya kwanza mshale ulifika nusu wakati Colette, yule muuza ndizi, anasimulia jinsi mbuzi wake alivyoingia kanisani siku ya ubatizo. Watu walikuwa wanashika mbavu. Nikasema moyoni nitazima akimaliza. Alipomaliza, jirani yangu Luc akaanza lake, na sikuzima. Kesho yake mshale ulianzia chini ukashuka zaidi. Nikachukua kalenda ya parokia nikaitundika juu ya kipimo, nisikione. Mimi, niliyewahi kumfokea padri kwa kuacha betri za parokia zishuke chini ya nusu. Mganga hajigangi.

Ilikuwa hivyo wiki tatu. Mvua za Septemba zilipokuja mtambo ulizunguka vizuri, lakini betri hazikushika tena. Nilizifungua nikakuta vibamba vimeota ukoga mweupe, mgumu kama chokaa ya ukuta. Niliongeza maji, nikazichaji polepole siku nne mfululizo, nikaziombea. Zilijaa asubuhi, na ukiwasha taa moja tu zinazimika. Nilikaa sakafuni kando yake nikalia, na sikuwa nikililia betri.

Niliwaambia majirani nitazifufua. Walikuja jioni mbili, wakanipa pole, wakaondoka na simu zao hazina kitu. Mkono mtupu haulambwi. Kisha Ghislaine, mshonaji wa ng'ambo ya bonde, akaletewa na kaka yake wa Sange paneli ya umeme wa jua na betri ya kisasa, kisanduku kilichofungwa kisichotaka maji wala vazelini. Watu wote wakahamia kwake. Jioni vicheko vyao vilivuka bonde mpaka barazani kwangu. Mwezi mzima nilirudia kusema betri za siku hizi hazina adabu, nikiziambia kuta.

Jumamosi moja nikavaa koti, nikachukua simu, nikaenda kwa Ghislaine. Simu ilikuwa imejaa. Betri zangu hazihifadhi kitu, lakini maji yakipita mchana mtambo unaweza kujaza simu moja, na iliyopo ni moja, yangu. Waliniamkia kwa heshima, wakanipa kiti peke yangu karibu na mlango. Ghislaine alipokea simu bila kuitazama, akaichomeka. Nikaulizwa habari za afya, nikajibu, na mazungumzo yakaendelea bila mimi, Luc akisimulia.

Baadaye Colette akafika na simu iliyozimika, naye anangojea kupigiwa na binti yake aliyejifungua Minova. Waya zote zilikuwa na simu. Ghislaine akazikagua moja moja, akafika kwenye yangu, akaiinua.

"Papa Mardochée, simu yenu iko imejaa. Ilikuwa imejaa tangu mulifika."

Nilikuwa na majibu matatu ya kifundi, yote ya uongo na yote ya kuaminika. Nikafungua kinywa nichague moja, nikajikuta nimechoka.

"Najua, maman. Nilikuya tu kukaa na nyinyi. Kule kwangu hakuna mutu."

Sikuwa nimewahi kulisema hilo, hata kwa watoto wangu. Nilitazama viatu vyangu na masikio yakawaka moto. Ghislaine alichomoa simu yangu akanirudishia, akachomeka ya Colette. Kisha akawaambia wa kwenye benchi wasogee, akanionyesha nafasi kati yake na Luc. Nikahama pale mlangoni nikakaa. Luc akaendelea na hadithi yake pale alipoiachia, nami nikaisikiliza mpaka mwisho, simu imejaa mkononi.