Mazoezi ya Fungate

Wakala wa safari alikuwa ameshafika kisiwa cha kwanza, lakini bwana harusi mtarajiwa alikuwa bado yuko kwenye droo.

Hakuwa ameingia ndani, la. Ni macho yake tu yaliyokwama humo. Kila wakala alipotaka kuwatolea picha za hoteli, ilimbidi aishike droo ya meza yake kwa mikono miwili, aegemeze goti, avute huku amekunja uso kama anayeng'olewa jino, na droo yenyewe ilie *ngwiii* kabla ya kukubali kufunguka nafasi ya kupitisha vidole. Bibi harusi mtarajiwa aliuona mkono wa mchumba wake ukianza kutambaa kuelekea huko. Akamkanyaga mguu chini ya meza. Mkono ukarudi nyumbani.

"Kisiwa cha kwanza ndicho hicho," wakala aliendelea, na tai yake ikiwa imenyooka kuliko kitu kingine chochote ofisini. "Mchanga mweupe mpaka mtu unaona aibu kuukanyaga. Na hoteli ina bwawa la kuogelea linalotazamana na bahari."

"Bwawa kando ya bahari?" bwana harusi aliuliza. "Kwani bahari imeharibika?"

"Kisiwa cha pili sasa," wakala akasema, maana alikuwa mzoefu wa kutosikia. "Vijumba vimejengwa juu ya maji. Mnaamka, mnafungua mlango, samaki hawa hapa wanawasalimia."

"Mlango upi, huu?" Bwana harusi akaiinamia picha mpaka pua ikagusa bahari. "Mlango mzito hivi, unyevu wa chumvi mchana na usiku, halafu bawaba mbili? Mbili tu? Ndugu yangu, huu umeshainama. Hebu waulize kama haukwaruzi sakafu."

Wakala akamtazama bibi harusi. Bibi harusi akatazama dirishani, na hapo akajuta, kwa sababu pazia la dirisha lile lilikuwa limeshonwa na mtu mwenye chuki na mapazia. Lakini hilo tuliache kwanza.

Bwana harusi huyu alikuwa fundi milango, na mtaa mzima ulimwita Bawaba. Hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Bawaba ya mlango ikilia nyumba ya tatu, yeye husimama, hata kama ana tonge mdomoni. Mchumba wake alishona mapazia, na Bawaba alimwita Pindo, kwa kuwa siku ya kwanza alipomwona alikuwa juu ya ngazi, ana pini sita mdomoni, anapima pindo la pazia la mteja wao mmoja. Alimtamkia neno la mapenzi akiwa ameishika ngazi ile isiteleze. Pindo alijibu kupitia pini, na mpaka leo kila mmoja anasimulia jibu lake.

Siku Bawaba alipokwenda kujitambulisha ukweni, aliambiwa akae sebuleni, baba anajiandaa. Akakaa. Akakaa tena. Huko ndani mlango mmoja usioshika komeo ukawa unacheza na upepo na kulia. Mwanamume akavumilia kadiri Mungu alivyomjalia, kisha akanyanyuka, akachomoa bisibisi kwenye soksi, na kwa ustadi ambao hata maadui zake hawaupingi, akaung'oa mlango mzima na kuuegemeza ukutani. Ulikuwa mlango wa bafu. Baba mkwe alikuwa ndani, ana sabuni mpaka masikioni. Wengine hujuana na wakwe zao polepole, ukurasa kwa ukurasa. Hawa wawili walianzia ukurasa wa mwisho.

Mlango ule haujalia tena, hilo lisemwe. Na mzee, baada ya kununa kwa muda unaostahili, alikiri kwamba kijana ni mchapakazi.

Kwa kuwa kazi haikumwacha Bawaba hata ukweni, Pindo aling'ang'ania fungate. Walikubaliana harusi iwe ndogo na fungate iwe kubwa: visiwa vitatu, hoteli za nyota zote, mashuka yanayoteleza. Shangazi yake, ambaye alikuwa akiishi naye, alipopewa habari alishika kiuno. "Yaani sisi tunywe chai na mkate, nyie mkalale kwenye hariri?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Msirudi bila sabuni za hotelini."

Wiki iliyofuata wakala akawaita upya, na safari hii alikuwa anacheka mpaka tai imepinda. Alikuwa ameuliza kuhusu ule mlango, kama alivyoombwa. Meneja wa hoteli ya kisiwa cha pili aliuliza kwenye simu, mgeni huyo amejuaje? Milango yote ya vijumba ilikuwa imevimba na kuinama. Wageni walikuwa wanaingilia madirishani.

"Sasa sikilizeni bahati," wakala alisema. "Meneja anasema, kama bwana ni fundi kweli, mtapewa kijumba kikubwa kuliko vyote, na mkae mpaka mchoke. Yeye arekebishe milango tu. Asubuhi kidogo, jioni kidogo."

Pindo alimgeukia mchumba wake. Uso wa Bawaba ulikuwa umewaka kama wa mtoto aliyeonyeshwa baiskeli.

"Mingapi?" Bawaba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tutafikiria," alisema Pindo, akachukua mkoba wake, na wakala akasikia baridi ikipita ingawa feni ilikuwa imezimwa.

Barabarani Pindo alitembea mbele. Bawaba akawa anamfuata huku anajieleza, akikwepa baiskeli na mabeseni ya wauza nyanya.

"Pindo, si nimesema nimeuliza tu? Nimekubali kwani?"

"Uso umekubali."

"Uso hauna sahihi!"

Pindo akasimama mbele ya duka la vyombo, akageuka. "Nikuulize. Tangu tujuane, tumewahi kukaa?"

"Kukaa? Juzi tu tulikuwa wote kutwa kwa yule mama mwenye ghorofa."

"Wewe mlangoni, mimi dirishani. Tuliongea nini?"

Bawaba akafikiri. "Mengi."

"'Nipe nyundo.' 'Nishikie hapa.' 'Sogea, utaumia.' Hayo ndiyo mengi. Mimi sijui ukikaa bila bisibisi unakuwa nani. Pengine hatuna la kuzungumza, Bawaba. Pengine tumechumbiana na kazi. Nataka nilijue hilo kabla ya harusi, siyo nikalijulie kisiwani, nimekaa peke yangu na samaki wanaonisalimia."

Mzaha ulimtoka Bawaba usoni. Mkono wake, bila kutumwa, ukaanza kupapasa bawaba ya mlango wa duka la vyombo.

"Ona!" alisema Pindo.

Hapo ndipo yalipozaliwa mazoezi. Jumamosi baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwa shangazi, watafanya kana kwamba wako kisiwani. Watakaa. Hawatagusa kazi mpaka shangazi atangaze kwamba jua limezama. Atakayenyanyuka kutengeneza chochote, ameshindwa. Wakiweza, wanakwenda visiwa vyote vitatu kama wageni, na meneja atafute fundi wake. Wakishindwa, harusi inasogezwa mbele mpaka watakapojifunza kukaa.

"Inasogezwa?" Bawaba aliuliza.

"Inasogezwa."

Jumamosi alifika amevaa shati la maua la kuazima, kubwa kiasi cha kutosha mashahidi wawili. Shangazi alimpokea mlangoni na kumpekua. Akatoa bisibisi soksi ya kulia, akatoa nyingine soksi ya kushoto, akatoa penseli sikioni na skrubu tatu mfuko wa shati.

"Shati si langu, shangazi."

"Na skrubu?"

"Hizo ni zangu."

Sebuleni Pindo alikuwa ameweka viti viwili vya kuegemea, glasi mbili za maji ya matunda zenye mirija, na feni ya mezani iliyopuliza upepo wa bahari. Bahari yenyewe ilikuwa beseni la bluu katikati ya chumba. Shangazi, aliyekuwa ameahidi kwenda kumsalimia rafiki yake, alighairi. Alijifunga kitambaa kiunoni, akajipandisha cheo kuwa meneja wa hoteli.

"Karibuni sana wageni wetu," alisema. "Kifungua kinywa kimepita. Hakuna kingine."

Wakakaa.

"Bahari nzuri," alisema Bawaba baada ya muda.

"Nzuri."

"Ina maji."

"Mengi tu."

Feni ikageuka kulia, ikageuka kushoto. Jikoni meneja wa hoteli akafungua kabati. *Ngwiii.* Akalifunga. Akalifungua tena, taratibu, kama mtu anayetafuta chumvi asiyoihitaji. *Ngwiii-ii.* Jasho likamtoka Bawaba juu ya mdomo. Vidole vyake vikashika ukingo wa kiti mpaka vikapauka.

"Shangazi!" Pindo aliita. "Hiyo si haki!"

"Hoteli zote zina makabati," meneja alijibu.

Bawaba akanywa maji ya matunda yote kwa mvuto mmoja. Mrija ukakoroma. Pindo akayatazama maji ya beseni na kuanza kuogopa kweli, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na neno. Kumbe ndivyo. Kumbe hofu yake ilikuwa na macho.

Ndipo Bawaba akasema, akiwa anaiambia bahari, "Mikono inatetemeka."

"Kwa ajili ya kabati?"

"Kwa ajili yako." Akainua mkono wa kulia, na kweli, ulikuwa unacheza. "Mkono huu ulikuwa hivi hivi siku ile ya ngazi. Ndiyo maana niliishika ngazi. Wewe ulidhani nakuzuia usianguke. Na kwa baba yako pia. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri kabisa, halafu yakaanza kunitoka moja moja. Nikishika bisibisi natulia. Bila bisibisi, Pindo, mimi ni mtu anayetetemeka tu. Niliona haya ukinijua hivyo."

Jikoni kabati likanyamaza. Meneja wa hoteli alikuwa amesimama na kifuniko cha sufuria kifuani.

Pindo akauchukua mkono ule, akauweka juu ya paja lake, akaufunika kwa wake. Ulitetemeka kama kifaranga, kisha ukaanza kupoa. "Endelea," alisema.

Na Bawaba akaendelea. Ala! Kumbe mtu alikuwa ghala! Akamweleza jinsi alivyokuwa akipita mbele ya duka la mapazia la Pindo asubuhi, ingawa njia ya kazini iko upande mwingine kabisa. Akamweleza alivyozoea kuhesabu pini zake mdomoni kwa hofu asije akameza moja. Akafumba macho ili aseme vizuri zaidi. Akasema kwamba akizeeka anataka kukaa naye mahali penye mlango mbovu, ulie mpaka uchoke, na yeye asinyanyuke, kwa sababu atakuwa anamsikiliza yeye tu.

"Unasikia, Pindo?"

"Nafikia," ilijibu sauti kutoka nyuma yake. Haikutamka vizuri, maana ilikuwa na uzi katikati ya meno.

Bawaba akafumbua macho. Kiti cha jirani kilikuwa kitupu. Mkono aliokuwa ameushika ulikuwa mto wa kochi. Pindo alikuwa amepiga magoti dirishani. Feni ilikuwa imelipeperusha pazia, pindo likaonyesha nyuzi zilizofumuka, na sindano anayoishi nayo chini ya ukosi ilikuwa imeshapita na kurudi mara nyingi.

Shangazi akatokeza kichwa. "Mgeni wetu wa kike yuko wapi? Ameliwa na papa?"

Pindo akaganda. Akaitazama sindano kama aliyeikuta mkononi mwa mtu mwingine.

"Umempekua Bawaba peke yake," alimwambia shangazi, kwa unyonge.

"Nyani haoni..."

"Shangazi! Mbele ya mchumba wangu!"

Bawaba alianza kucheka chini kwa chini, shati la maua likitikisika, kisha kicheko kikamzidi, akarudi nyuma na kiti chake, akarusha miguu, na mmoja ukatua katikati ya bahari. Maji yakafika mpaka kwenye kochi. Pindo hakucheka. Alikuwa ameketi sakafuni, ameshika pazia, macho yamejaa.

"Ni mimi niliyeshindwa," alisema. "Umesema maneno mazuri hivyo, na mimi nikaondoka. Mikono ilikwenda yenyewe. Basi harusi..."

"Harusi iko pale pale." Bawaba alikuja na mguu mmoja unachuruzika, akakaa sakafuni kando yake. "Mimi ndiye mshindi au siye?"

"Ndiye."

"Basi mshindi ameamua. Tunakwenda visiwa vyote vitatu. Bisibisi na sindano zinabaki kwa meneja hapa. Na mmoja akianza kunyanyuka, mwenzake anamshika. Nilichojifunza leo ni hicho: ulinishika wewe, na mimi nikashika nini? Mto."

Shangazi akanyoosha mkono, Pindo akamkabidhi sindano. Pazia likabaki nusu na nusu, na likabaki hivyo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulimalizia.

Jumatatu walirudi kwa wakala. Wakamwambia amshukuru meneja wa kisiwa cha pili, lakini wao watakuja kama wageni, na kama mlango haufunguki, wataingilia dirishani kama wenzao.

"Sawa kabisa," alisema wakala kwa huzuni. "Tiketi zenu hizi hapa nawatolea."

Akaishika droo. Akavuta. *Ngwiii.* Akaegemeza goti, akavuta tena. Droo ikatoka upande mmoja, ikakwama, ikabaki imening'inia kwa dharau. Paja la Bawaba likaruka. Chini ya meza, Pindo akaukamata mkono wake. Hapo hapo upepo ukalisukuma lile pazia la dirishani, na pindo lake, lililokunjwa upande mmoja juu na upande mmoja chini, likampungia. Pindo akajikuta nusu amesimama. Bawaba akambana mkono, akamrudisha kitini.

"Samahani sana," wakala alisema, ameshika meza kwa miguu na mikono. "Huwa inachukua muda kidogo."

"Hatuna haraka," walisema wote wawili kwa mkupuo, kwa sauti zisizo zao, na wakakaa.