Majibu ya Yadhira

Muuguzi aliita "Wilmer Huamaní" mara tatu. Yadhira, aliyekaa bega kwa bega nami, aliendelea kukagua kucha zake kana kwamba jina lile lilikuwa la mtu wa mji mwingine. Muuguzi akaandika kitu kwenye karatasi, akaita mwingine.

Ilikuwa mara yake ya tatu kufuata majibu ya kipimo cha kaswende katika kliniki ile ya Lima, na mara ya tatu kuondoka bila majibu. Vipele vilikuwa vimeshamtoka viganjani. Kwenye saluni yetu aliosha nywele za wateja akiwa na glavu, akidai rangi inamwasha.

Vipimo vile vilikuwa sehemu ya utafiti wa daktari Echenique, aliyetaka kujua afya ya sisi tuliozaliwa tukaitwa wavulana, tukakua wanawake. Wiki hiyo alituita wachache ofisini, akasema kwa masikitiko kwamba nusu yetu hatufuati majibu. Labda ni nauli. Labda hatujali.

Niliwaogopa watu waliosoma. Lakini nilikuwa nimeviona vile viganja.

"Tunakuja, daktari," nilisema. "Tunakaa palepale ukumbini. Ninyi mnamwita mtu ambaye hayupo."

Nikamweleza kwamba kuinuka mbele ya watu wote ukiitwa Wilmer, nawe umevaa gauni, ni kuvuliwa nguo. Hakujitetea. Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya "hakutokea", polepole, hadi chini.

"Wewe ungewaitaje?" akauliza.

Jumatatu nilisimama mlangoni pa ukumbi na orodha ya majina tunayoitana wenyewe. Miaka kumi na mmoja imepita, na bado naisikia sauti yangu ikitetemeka.

"Yadhira."

Hakuinuka mara moja. Alijitengeneza nywele kwanza.

"Umechelewa, shosti," alisema. "Mwezi mzima niko hapa."

Ukumbi ukacheka, na yeye akapita katikati ya kicheko hicho kichwa juu.

Majibu yalikuwa kama tulivyohofia, ila kaswende inatibika. Alitoka kwenye sindano akichechemea, akimlaani muuguzi kwa upole, akanishika mkono. Nje ukungu ulikuwa mzito. Tulinunua picarones za moto pale kona, vile vitumbua vya duara vya malenge, akaagiza sahani mbili, akaanza kuzila zote mwenyewe.

Sikuweza kumsubiri amalize. Ukumbini nilikuwa bado na majina kumi na manne ya kuita.