Sisimizi wa Halvard na Kuni za Olaus

Halvard Brenden alikuwa fundi wa miwani, na kama mafundi wengi wa vitu vidogo, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliishi peke yake Elverum, mji wa nchi ya baridi, kwenye safu ya nyumba nne za mbao zilizoshikana kuta chini ya paa moja. Jirani akipiga chafya huku, wa kule humwombea afya. Majirani walimjua kuwa ni mpole, mtu wa kuazimisha ngazi na kuwachimbia wenzake mashimo ya miche. Wasichokijua ni kwamba chumbani mwake, ndani ya kabati la vitabu, alikuwa akifuga sisimizi.

Wala hawakuwa wale wadogo wanaofuata sukari. Hawa walikuwa sisimizi maseremala, weusi na wakubwa, ambao porini huchonga makazi yao ndani ya magogo. Hawali mbao kama mchwa. Wanazichimba tu, unga wanautupa nje, ndani wakapata vyumba. Lakini tofauti hiyo haimfariji mwenye nyumba ya mbao. Ukitangaza pale Elverum kwamba unafuga sisimizi maseremala, ni sawa na kutangaza kwamba unafuga moto.

Malkia wao Halvard alimwokota mwenyewe mwaka uliotangulia, siku ya jua kali baada ya mvua, wakati malkia vijana wanaporuka kwenda kupandwa kisha wakashuka na kujing'oa mabawa. Alimkuta anahangaika kwenye lami mbele ya duka la mkate. Akamtia kwenye bomba la kioo lenye maji kidogo yaliyozuiwa kwa pamba, akamweka gizani. Kazi ngumu ilikuwa kumwacha. Malkia wa namna hiyo hataki chakula wala kuchunguliwa. Anawalea wanawe wa kwanza kwa akiba ya mwili wake, na akishtuliwa mara kwa mara anayala mayai yake. Kwa hiyo Halvard alijizuia kama mtu anayefunga. Siku watoto wa kwanza walipotoka, wembamba na rangi ya chai ya maziwa, alikaa sakafuni na lenzi yake mpaka viazi vikaungua jikoni.

Majira ya baridi aliwalaza kwenye ubaridi wa chumba cha chini, kama maumbile yao yanavyotaka. Walipoamka aliwahamishia kwenye kiota cha plasta chenye uwanja mdogo wa kioo. Kingo za uwanja alizipaka mafuta ili wasipande. Aliwapa tone la asali kwenye ncha ya sindano na inzi wadogo wa matunda, akawatazama wakilishana mdomo kwa mdomo. Hakuna alichokipenda zaidi duniani, na hakumwambia mtu yeyote.

Lakini malkia huyu alikuwa wa pili. Wa kwanza alimpoteza. Miaka miwili nyuma aliliweka bomba bafuni, akaenda kazini, na aliporudi alikuta pamba imechomoka na bomba ni tupu. Nyuma ya bomba la maji palikuwa na ufa ulioingia kwenye ukuta wa pamoja na jirani. Alimulika kwa tochi, akaweka asali, akasubiri. Malkia hakuonekana tena. Halvard akajiambia kwamba atakuwa amekufa, akauziba ufa na kunyamaza.

Sasa, mwezi wa tano, Roar Engebakken, jirani wa upande wa pili wa ukuta ule ule, aliwakuta sisimizi wakubwa weusi wakitembea bafuni kwake. Roar ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa umoja wa nyumba zile, mtu mwema, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Aliwaita wote sebuleni kwake, akawaonyesha sisimizi wanne kwenye kopo la jemu. Halvard alisogea akaliinamia kopo. Aliwajua kama mtu anavyojua sura za ukoo wake.

Mazungumzo hayakuchukua muda kufika kwenye kuni za Gudveig.

Gudveig Nordli, mjane wa miaka karibu themanini, aliishi nyumba ya mwisho. Ukutani kwake palikuwa na rundo la kuni za mbetula, mti wa nchi za baridi, magome yake meupe yakitazama nje, lililopangwa kwa ustadi kiasi kwamba wapita njia walisimama kulitazama. Mumewe Olaus alizipasua na kuzipanga majira yale ya kuchipua ambayo moyo wake ulisimama. Tangu hapo Gudveig hakuwa amechoma hata kipande. Baridi ikija, alinunua kuni za magunia kituo cha mafuta na kuzikokota kwa kigari, akapita mbele ya zile za mumewe bila kuzigusa.

Roar alisema hamlaumu mtu, ila kila mtu anajua wadudu hupenda marundo ya kuni. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Gudveig alisema kuni zile ni kavu kama mifupa, tena zimeinuliwa juu ya mawe.

"Mama, wadudu hawana adabu ya kuchagua," Roar alimwambia, na watu wakacheka kidogo.

Ndipo Gudveig akamgeukia Halvard. Olaus aliwahi kumkuta msituni amepiga magoti mbele ya gogo bovu, na tangu siku ile wawili hao walikuwa wakiongea habari za wadudu kwenye ua, marehemu akimtania kwamba anatafuta mchumba.

"Halvard, wewe unayajua haya mambo. Waambie. Wanaweza kukaa kwenye kuni kavu?"

Alijua. Sisimizi maseremala wanataka mbao zenye unyevu, na rundo lile lilikuwa limepigwa na upepo na jua miaka mitatu. Neno moja tu lingetosha. Lakini baada ya neno hilo lingekuja swali: kama si kuni, basi wametoka wapi? Akauona ufa wa bafuni kwake kana kwamba kila mtu mle sebuleni anaukodolea macho.

"Siwezi kusema kwa hakika," alijibu. "Labda ni salama zaidi zikiondolewa."

Gudveig alimtazama, akainamisha kichwa kama mtu aliyesikia uamuzi wa daktari. Hakubisha tena.

Jumamosi iliyofuata wakafanya msaragambo. Roar alileta trela, kila nyumba ikatoa mtu, na Halvard akabeba kuni kwa mikono yake. Kwenye vipande vingine bado ilionekana alama ya shoka pale lilipoingia mara ya kwanza na kukwama. Alifanya kazi haraka kuliko wote ili asitazame dirisha la jikoni. Trela lilipojaa mara ya mwisho na kuelekea jalala la mji, Gudveig alitoka na chupa ya kahawa na sinia ya keki, maana kwao watu hawafanyi kazi nyumbani kwako wakaondoka midomo mikavu. Alimmiminia Halvard kwa mkono wake.

"Asante kwa kusaidia," alisema.

Angemmwagia ile kahawa usoni, Halvard angeona nafuu. Aliinywa yote, akaungua ulimi, akarudisha kikombe.

Majira yote ya joto aliishi kama mwizi nyumbani kwake. Alifungua kabati asubuhi akalifunga upesi. Malkia alizidi kunenepa, sisimizi vibarua wakaongezeka, na furaha ile ya zamani ilipomjia ilikuja na picha ya ukuta mtupu wa Gudveig, wenye alama ya rangi isiyopauka pale kuni zilipokuwa zimeufunika. Akikutana naye njiani alimsalimu akitazama viatu vyake.

Sisimizi hawakupungua kwa Roar. Mwezi wa nane akaita watu wa kampuni ya kuua wadudu, na mwanamke aliyekuja akaamua ukuta ufunguliwe. Halvard aliombwa awepo kwa kuwa ukuta ni wa pamoja. Alisimama mlangoni mwa bafu, akingoja kuumbuka.

Boriti iliyotoka ilikuwa laini kama keki iliyoloweshwa. Bomba la maji la Roar lilikuwa likivuja ndani kwa ndani tangu siku lilipofungwa, na sisimizi walikuwa wamejichongea kumbi na ngazi toka chini hadi juu. Yule mwanamke alisema kiota kama hicho si cha mwaka wala miwili.

"Hawa wamekuwa wapangaji wako tangu binti yako anasoma shule ya msingi," alimwambia Roar. Binti huyo alikwishaolewa.

Halvard aliisikia pumzi ikimtoka. Si wake. Malkia wake hakuhusika hata kidogo. Kwa dakika moja alijisikia mwepesi, karibu acheke. Kisha Roar akajipapasa shingo na kusema, "Masikini Mama Gudveig na kuni zake," akaanza kuuliza habari za bima. Wepesi ule ukaisha hapo hapo. Hakuwa na kosa la kuficha, na bado alikuwa amemtosa mama wa watu ili alifiche.

Jioni ile Roar alikwenda kwa Gudveig na maua, akaomba radhi kwa mapana, na inasemekana walikunywa kahawa wakaagana vizuri. Halvard yeye alichelewa. Alikwenda kwa mkulima mmoja nje ya mji, akanunua trela la kuni za mbetula, nzuri, nyeupe, akarudi nazo na kugonga mlango.

Gudveig alitazama trela, kisha akamtazama yeye. "Za nini hizo?"

Halvard akaomba waingie ndani. Jikoni, akiwa amesimama kwa kuwa hakuambiwa akae, alimweleza yote: bomba la kioo, malkia aliyetoroka, ufa, hofu yake, na wale alionao kabatini. Alimweleza vibaya, akirudi nyuma na kujikanyaga. Gudveig alimsikiliza huku mikono yake iko juu ya meza.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza, ulijua kuni hazina kosa."

"Nilijua, mama."

"Roar alikosea," Gudveig alisema polepole. "Alidhani vile na akakosea, mtu anaweza kukosea. Wewe hukukosea, Halvard. Wewe ulijua."

Gudveig akainuka, akafungua mlango.

"Umekuja kuniambia jikoni, tuko wawili. Mimi niliaibishwa sebuleni kwa watu. Na hizo kuni zirudishe. Kuni za kuchoma ninazo."

Halvard akaondoka na trela lake. Mkulima alizipokea bila kuuliza, na huo ndio ulikuwa wema pekee wa siku ile.

Mkutano wa umoja uliofuata ulikuwa mwezi wa kumi, sebuleni pale pale, harufu ya rangi mpya ikitoka bafuni. Roar alipouliza kama kuna mengineyo, Halvard alinyoosha mkono kama mtoto wa darasani. Akasema anafuga sisimizi maseremala kabatini. Akasema kuhusu yule aliyetoroka.

Roar akaangua kicheko.

"Kumbe tumelala na jeshi ukutani na jingine kabatini! Bwana we, si ungesema, ningekupa wale wa kwangu bure."

Sebule nzima ikacheka, na ilikuwa rahisi sana kucheka nao. Mlango ulikuwa wazi kabisa: angetabasamu, angekaa, na jambo lingekuwa hadithi ya kuchekesha ya mtaa. Gudveig alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Hakucheka wala hakumtazama.

"Sijamaliza," Halvard alisema. "Mama Gudveig aliniuliza mbele yenu kama kuni zile zinaweza kuwa na sisimizi. Nilijua haziwezi. Nilisema ziondolewe ili msije mkanitazama mimi. Kisha nikazibeba."

Hapo kicheko kikafa. Roar aliitazama meza. Kila mmoja wao alikuwa amebeba kuni zile, na kila mmoja alionekana kulikumbuka hilo kwa wakati wake. Halvard alibaki amesimama. Hakujua akae au atoke.

"Haya," Gudveig alisema hatimaye. "Limesemwa. Endelea na mkutano, Roar."

Waliamua kwamba sisimizi wasikae kwenye nyumba za mbao, na Halvard hakupinga. Alikubaliana na mwenye duka la miwani alikofanya kazi, jengo la matofali, akawahamishia kwenye karakana ya nyuma, na huko ndiko anakowalisha mpaka leo. Wateja wengine huomba kuwaona.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, alitoka na sepetu akasafisha mlangoni kwake, kwa Roar, kwa wa tatu, akaendelea, kama kila mwaka, hadi kwenye ngazi ya mwisho, ya Gudveig. Dirisha la jikoni likafunguka.

"Hapo kwangu acha," Gudveig alisema. Hakusema kwa ukali. "Mwaka huu nitasafisha mwenyewe."

Halvard aliitikia kwa kichwa, akarudi akizifuata nyayo zake. Nyuma yake alimsikia akitoka na ufagio, akifagia taratibu, akipumzika, akifagia tena.