Mizunguko Mia Moja na Ishirini

Jumamosi hiyo Sabdio alifanya kitu ambacho mtu mwenye akili zake hafanyi: alimvalisha nyanya yake viatu, akamshika mkono, akampeleka chuo cha ufundi kwenda kuharibu mtihani wa watu.

Yote ilianza na fomu. Serikali ilikuwa imesema wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kusomea ufundi kila Jumamosi, na inalipa kila kitu: karo, ovaroli, hadi chakula cha mchana. Madina, rafiki wa Sabdio tangu nasari, alikuja mbio na fomu mbili.

"Tunasomea kusuka waya wa mota za pampu! Mimi na wewe, meza moja!"

Sabdio alicheka mpaka akashika ukuta. "Kusuka mimi najua ya nywele pekee. Enda ukakuwe fundi, mimi naenda kuwa daktari."

Madina alimwekea kiti wiki mbili. Wiki ya tatu kikakaliwa na Wacuka, msichana wa wenye duka la mabati, na hapo ndipo Sabdio alianza kukosa usingizi. Ikawa ni Wacuka asubuhi, Wacuka jioni. Wacuka ameshika spana hivi, Wacuka amesema vile, aki huyo msichana ni kichekesho! Siku moja Madina alikata mandazi mara mbili akampa Wacuka nusu. Hiyo nusu ilikuwa ya Sabdio miaka kumi na moja!

Sabdio akajaza fomu kimya kimya. Mwalimu Mbuthia akaiangalia na kutikisa kichwa.

"Nafasi zimejaa, lakini nakuandika wa kwanza kwa orodha. Jumamosi kuna mtihani. Meza yoyote ikianguka mtihani naivunja: aliyeingia mwisho anatoka, wewe unaingia."

Aliyeingia mwisho, kwa meza ya Madina, alikuwa nani? Wacuka.

Sasa, mtihani wenyewe ulikuwa wa watu wawili. Mmoja anazungusha mkono wa mashine, waya wa shaba unajikunja juu ya kibao, na mwenzake anahesabu kwa sauti. Mizunguko mia moja na ishirini, isizidi, isipungue. Mkipoteza hesabu, mwalimu anakata waya, mmeanguka. Wacuka alikuwa wa kuzungusha. Madina alikuwa wa kuhesabu, na Madina, Sabdio alijua vizuri, hawezi kunyamazia salamu ya mzee hata nyumba ikiungua.

"Akko," alimwambia nyanya yake asubuhi, maana Waborana humwita nyanya hivyo, "Madina analia eti siku hizi humjali."

"Mimi?" Akko akachukua fimbo yake. "Ako wapi huyo mtoto?"

Walipofika, mlango wa karakana ulikuwa wazi. "Sitini na moja, sitini na mbili..." Sabdio akasimama nyuma ya Akko, akihesabu nao kwa midomo, akingoja mahali pa hesabu kukatika.

"Salaam aleikum! Madina wangu! Nagaya?" Yaani, kwema?

Madina akageuza macho tu. "Sabini... sabini na moja..." Jasho likamtoka. Akko akakunja uso, akapandisha sauti.

"Nagaya, mtoto? Mama nagaya? Mbuzi? Ngamia?"

Sasa, Sabdio akasema moyoni. Sasa!

"Nagaya, Akko!" Lakini aliyejibu hakuwa Madina. Alikuwa Wacuka, na mkono wake bado unazunguka. "Mama nagaya! Mbuzi nagaya! Ngamia nagaya, wote wamekunywa maji!"

Wacuka, ambaye kwao kulikuwa na paka mmoja tu! Akko akang'aa kama amepewa shuka mpya. "Na mvua?"

"Mvua pia nagaya!"

Wivu ukampanda Sabdio. Hata salamu! Hata salamu za Kiborana Madina amemfundisha huyu!

Lakini darasa lilikuwa limeangua kicheko, na Madina naye kikamponyoka. Mkono wa mashine ukasimama.

"Ni ngapi?" Madina akanong'ona.

"Si wewe ndiye unahesabu?"

"Wacuka! Ni ngapi?"

"Themanini na... tano?"

Mwalimu Mbuthia akatoa koleo ya kukata. Sabdio alijua ni ngapi. Alikuwa amewaangalia kwa wivu hivyo, angekosaje kujua? Kazi yake ilikuwa kufunga mdomo tu.

"Mwalimu, kosa ni langu," Madina akasema. "Nitoe mimi. Wacuka abaki."

Mwalimu akafikiria. "Sawa. Hiyo ni haki."

Haki gani! Sabdio akaona Jumamosi zake zote zilizobaki, yeye na Wacuka meza moja, Madina ako nyumbani.

"Themanini na saba!" akapiga kelele.

Mwalimu akageuka. "Wewe si ndiye wa kwanza kwa orodha?"

"Ndio. Lakini ni themanini na saba. Wallahi."

Mwalimu akamtazama sana, kisha akashusha koleo. "Malizeni. Kipimo kitasema ukweli."

Wakamaliza. Mwalimu akaweka koili, yaani ule waya uliosukwa, kwenye kipimo, namba ikatoka sawa kabisa na ya koili ya mfano. "Mmepita, nyinyi wawili."

Madina akamfuata Sabdio mlangoni. "Ulikuwa unatuhesabia?"

"Nilikuwa nangoja mpotee."

"Na Akko ni wewe umeleta."

"Ni mimi."

Madina akafuta mikono kwa ovaroli, polepole, kidole kwa kidole. "Hicho kiti ni cha Wacuka, Sabdio."

"Najua."

"Na nimekukasirikia. Kesho usikuje kwetu."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu tutaona."

Nyuma yao Akko alikuwa amemshika Wacuka mkono na hamwachilii.

"Sabdio! Huyu mtoto wa adabu anakuja kwetu kunywa chai. Kwani huoni amechoka? Mbebee mkoba!"

Sabdio akaubeba. Ulikuwa mzito kweli.