Chupa ya Maji ya Moto

Fumiyo alikuwa na kijicho, na hakikuwa cha kuazima. Miaka yote miso ya nyumba ile, ule uji mzito wa maharage yaliyochachushwa, aliitengeneza yeye, mke wa mtoto mkubwa. Sasa kaja Mineko, mke wa mdogo, na digrii yake ya chembe hai, na mama mkwe wao, Bi Toku, kaamua: kila mmoja aoteshe koji yake, wali wenye ukungu wa kuchachushia miso. Itakayonukia vizuri ndiyo itakayoingia kwenye pipa la familia.

Basi wali ukapikwa kwa mvuke, ukanyunyiziwa mbegu za ukungu, ukalazwa ndani ya masanduku mawili kama vichanga: blanketi juu, chupa ya maji ya moto chini.

Kesho yake asubuhi Mineko akaenda mjini kung'olewa jino. Fumiyo akalinusa sanduku la mwenzake. Loo, linanukia njugu za kuchoma! Moyo ukamchoma.

"Ngoja ufe kwa baridi, mpumbavu wee," akauambia wali.

Akaichomoa chupa, akaliondoa blanketi. Chupa akaipachika kwake, sasa ziko mbili.

Theluji ikasimamisha treni. Mineko alifika jioni, shavu limeumuka, akakimbilia sanduku lake.

"Jamani, ukungu umepona! Nani kaitoa chupa?"

"Fumiyo," akasema Bi Toku. "Nimemwona kwa macho yangu."

Fumiyo akatafuta pa kujificha. Mineko akamwinamia mpaka nywele zikagusa mkeka.

"Dada, umeniokoa! Nilipanga niitoe mwenyewe mchana. Ukungu ukishaamka, haungoji kusukumwa. Unavunja wanga, na nguvu iliyofungwa humo inateremka yenyewe kama maji mlimani. Nyingine unajengea mwili, inayobaki inatoka kama joto. Ukiufunika tu, unajipika."

"Unajipika?" Fumiyo akauliza, jasho linamtoka.

Bi Toku alikwisha kulifunua sanduku la Fumiyo. Mvuke puu! Harufu ya soksi za mpanda mlima. Wali unavuta nyuzi, ukungu umekufa.

"Maskini mwanangu," alisema, kabana midomo asicheke. "Umemhurumia mwenzio mpaka ukajisahau. Koji ni ya Mineko. Na kwa roho yako hiyo nzuri, mpondee na maharage ya miso."

Akikana wema, itabidi ataje ubaya. Fumiyo akashika mchi. Kila pigo alilipatia jina, na yote yalikuwa jina moja.

"Dada ana nguvu!" Mineko akashangilia.