Kichupa chenye Jina la Muhidini

Shufaa alikuwa amechoka. Kazi ya jembe na ndoo aliizoea, lakini kumbembeleza mtu mzima wiki mbili nzima aweke choo kwenye kichupa, hapo jamani mtu anaishiwa maneno. Tangu shemeji yake Mtoro azikwe kwa saratani ya utumbo, wahudumu wa afya pale Zinga walitaka ndugu zake wa damu wapimwe choo kama kina damu, na mumewe Muhidini ndiye ndugu pekee aliyebaki.

"Mama Yunus, nitoeni damu hata debe zima," Muhidini alimwambia mkewe. "Lakini mimi nipite mbele ya msikiti na najisi mfukoni? Bora hiyo kamera yao ya hospitali, ya kuangalia utumbo."

Haya, ukimwambia twende kwenye kamera, anakujibu yeye si mtu wa kuchunguliwa huko nyuma. Na kipimo cha damu hakikuwepo kituoni, Tabia, yule binti mhudumu, alishamweleza mara tatu. Mwanamume ana visingizio huyu!

Siku ya mwisho ya kurudisha vichupa ilipofika, Shufaa akaona yaishe. Aliingia chooni na kichupa cha mumewe, akachota cha kwake kwa kijiti kilichokuja na kichupa, akafunga kifuniko, akampelekea Tabia. Alijua anakosea. Ujane alikuwa ameuogopa mpaka akachoka kuuogopa, na alichotaka ni watu waache kumuuliza.

Siku ya kumi Tabia akaja. Aliwakuta wote wawili uani, Shufaa akimenya mihogo. Aliwaamkia shikamoo, hata mkeka hakuukalia.

"Baba, kipimo chako kimeonyesha damu. Si lazima iwe saratani, ila Jumatatu unatakiwa hospitali, kwenye kamera."

"Kipimo kipi? Mimi sikutoa kitu."

"Jina lako hili hapa, baba. Mama ndiye aliyeleta."

Wakamgeukia Shufaa. Angeweza kusema wamechanganya vichupa huko maabara, na uongo huo ulimfika kabisa mdomoni.

"Ni changu," alisema. "Nilitia changu."

Muhidini alifungua kinywa afoke, na haki ya kufoka alikuwa nayo. Kisha akaelewa alichoambiwa. Alikaa chini kando ya mkewe, akamtoa kisu mkononi.

"Mama Yunus, huwa unaona damu?"

Shufaa aliogopa, aliogopa vibaya sana. Kumbe siku zote hizo alikuwa akimcheka mumewe kwa hofu ya namna hii. Choo chao ni cha shimo, kina giza, mtu unaingia, unajitawaza, unatoka kuwahi kazi.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kutazama. Nilikuwa nahangaika na wewe."